Kufundisha Mahitaji ya Jumla na Ugavi wa Jumla kwa Wanafunzi wa Kojani

Walimu wa uchumi wanaofundisha Kidato cha Tano na cha Sita kisiwani Pemba, hasa wale ambao madarasa yao yana vijana wa Kojani, hurudia kuuliza swali moja: kwa nini mwanafunzi anayeeleza bila kusita jinsi bei ya vibua inavyopanda na kushuka hukwama anapotakiwa kueleza kupanda kwa bei za nchi nzima? Hakwami kwa uvivu, na mara chache hukwama kwa udhaifu wa hesabu. Hukwama kwa sababu amefundishwa, au ameachwa adhani mwenyewe, kwamba mada ya pili ni ile ya kwanza iliyokuzwa tu. Makala haya yanaeleza namna ya kuitenganisha mada hiyo na ile iliyotangulia, hatua za kufuata darasani, na mahali ambapo mifano ya Kojani inafaa na ambapo inapotosha.

Kwa kuwa istilahi zitatumika tangu mwanzo, ni vyema zifafanuliwe. Mahitaji ya jumla ni matumizi yote ambayo kaya, wawekezaji, serikali na wanunuzi wa nje wako tayari kuyafanya kwa bidhaa na huduma za nchi katika kila kiwango cha jumla cha bei. Ugavi wa jumla ni kiasi chote cha bidhaa na huduma ambacho wazalishaji wa nchi wako tayari kukitoa katika kila kiwango hicho. Pato halisi ni uzalishaji huo ukipimwa baada ya kuondoa athari ya kupanda kwa bei.

Samaki wa dikoni ni mfano wa somo lililopita

Kojani ni kisiwa kidogo cha pwani ya mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete, na wakaazi wake wanajulikana katika mwambao wote kwa uvuvi na kwa dago, yaani safari za msimu ambamo wavuvi huhamia kambi za mbali, za Tanzania Bara na hata za Kenya, wakifuata samaki na upepo. Mtoto aliyekulia hapo ameshaona kwamba nyavu za taa zikifanya kazi vizuri katika usiku wa giza, dagaa hujaa dikoni na bei huanguka, na kwamba mbalamwezi ikiingia vyombo hupumzika na bei hupanda. Hayo ni maarifa ya kweli ya soko, na mwalimu anayeyapuuza anajinyima nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa nyumbani.

Hatari huanza mwalimu anapouchukua mchoro wa soko la dagaa, akaandika neno "jumla" kwenye kila mstari, na kuendelea. Katika soko la dagaa, mstari wa mahitaji huteremka kwa sababu mnunuzi aliyeona dagaa ni ghali huhamia kwa kitoweo kingine. Katika uchumi mzima sababu hiyo haipo, kwa kuwa bei zote zinapopanda pamoja mnunuzi hana kitoweo kingine cha kuhamia. Mstari wa mahitaji ya jumla huteremka kwa sababu nyingine, na mwanafunzi azijue kama mambo mapya kabisa:

- Bei zote zikipanda, shilingi zilizowekwa sandukuni, benki au kwenye simu hununua vitu vichache zaidi, hivyo wenye akiba hujiona wamepungukiwa na hupunguza matumizi.
- Bei zikipanda, watu na wafanyabiashara huhitaji fedha nyingi zaidi kwa shughuli zile zile, mikopo hutafutwa zaidi, riba hupanda, na anayetaka kukopa ili anunue mashine ya boti au ajenge huahirisha.
- Bei za ndani zikipanda kuliko za nchi nyingine, bidhaa za nje huwa nafuu kwa kulinganisha, hivyo mauzo ya nje hupungua na manunuzi kutoka nje huongezeka.

Mwalimu asiende mbele mpaka wanafunzi waweze kuzitaja sababu hizo tatu bila kumtaja samaki hata mmoja. Kipimo hiki kinaonekana cha mzaha, lakini ndicho kinachoonyesha mapema nani ameelewa na nani amekariri.

Zoezi la kikapu

Njia ya haraka ya kumtoa mwanafunzi kwenye bei ya kitu kimoja na kumfikisha kwenye kiwango cha jumla cha bei ni kumpa kikapu cha kaya akipime mwenyewe. Hatua zake ni hizi:

1. Wanafunzi wakubaliane juu ya vitu vitano au sita ambavyo kaya ya kawaida hununua kwa wiki, na kiasi cha kila kimoja. Kiasi hicho kisibadilishwe tena.
2. Kila mmoja aulize bei katika duka la mtaani kwake, aandike tarehe, na arudie baada ya mwezi mmoja katika duka lile lile.
3. Gharama ya kikapu kizima ijumlishwe kwa kila mwezi.
4. Gharama ya mwezi wa pili igawanywe kwa ile ya mwezi wa kwanza na kuzidishwa kwa 100. Nambari inayopatikana ni fahirisi ya bei, yaani kipimo kinachoonyesha bei zote kwa pamoja zimefika wapi kulinganisha na mahali zilipoanzia.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na umepangwa makusudi. Mwezi wa kwanza kaya inanunua kilo 10 za mchele kwa shilingi 2,500 kila kilo, kilo 5 za unga kwa shilingi 1,800, kilo 2 za sukari kwa shilingi 3,000, lita 2 za mafuta ya kupikia kwa shilingi 5,000 na mafungu 5 ya samaki kwa shilingi 2,000 kila fungu. Kikapu kinagharimu shilingi 60,000. Mwezi wa pili samaki ni wengi na fungu limeshuka hadi shilingi 1,000, lakini mchele ni shilingi 2,800, unga 2,000, sukari 3,200 na mafuta 5,800. Kikapu sasa kinagharimu shilingi 61,000, na fahirisi ni takriban 101.7.

Bei ya samaki imeanguka kwa nusu, na bado kiwango cha jumla cha bei kimepanda. Mwanafunzi wa Kojani ambaye nyumbani kwao mwezi huo ulikuwa mbaya kwa sababu ya bei ya samaki atabisha, na ni vizuri abishe, kwa sababu ubishi wake ndio unaomwonyesha kwamba mhimili wa wima katika mchoro wa jumla haupimi bei ya kitu anachokiuza baba yake. Baada ya hapo darasa linaweza kuonyeshwa taarifa ya fahirisi ya bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, ambayo kimsingi inafanya kazi hiyo hiyo kwa vitu vingi zaidi na kwa uzito uliopatikana katika utafiti wa matumizi ya kaya.

Kuujenga mstari wa mahitaji

Sehemu nne za mahitaji ya jumla zifundishwe kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe wapange matumizi wanayoyaona:

- Matumizi ya kaya: chakula, nguo za sikukuu, nauli ya kuvuka, vocha ya simu.
- Uwekezaji: boti mpya, nyavu, nyumba inayojengwa, ghala la mfanyabiashara wa Wete. Fedha iliyowekwa benki si uwekezaji kwa maana hii, ni akiba.
- Matumizi ya serikali: mishahara ya walimu na wauguzi, ujenzi wa barabara, gati na skuli. Pensheni na misaada kwa kaya haihesabiwi hapa, kwa kuwa huingia katika mahitaji pale tu mpokeaji anapoitumia.
- Mauzo ya nje kutoa manunuzi kutoka nje: karafuu, mwani na utalii upande mmoja, mchele, ngano, mafuta na mabati ya nje upande wa pili.

Sehemu ya mwisho inahitaji muda zaidi kuliko vitabu vingi vinavyoipa. Wanafunzi husahau kwamba manunuzi kutoka nje hutolewa, na Pemba ina mfano unaowasahihisha vizuri, nao ni mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu. Fedha huingia mikononi mwa watu wengi kwa pamoja, harusi huongezeka, mapaa ya makuti hubadilishwa kuwa ya bati, na maduka hujaza bidhaa. Hata hivyo sehemu kubwa ya bidhaa hizo haikuzalishwa Zanzibar, hivyo shilingi iliyotumika dukani Wete haikuongeza uzalishaji wa Zanzibar kwa kiasi chake chote. Mwanafunzi aliyeelewa hili hatasema tena kwamba kila ongezeko la matumizi ni ongezeko lile lile la mahitaji ya jumla.

Swali la dago litaulizwa, na mwalimu ajiandae. Mwanafunzi atataka kujua kama fedha anayoirudisha mvuvi wa Kojani kutoka pwani ya Kenya ni mauzo ya nje, na walimu wengi hujibu papo hapo kwamba si mauzo ya nje kwa sababu samaki hawakuvuliwa hapa. Jibu hilo si sahihi. Kwa kanuni za hesabu za taifa, samaki waliovuliwa na chombo kinachoendeshwa na mkaazi wa nchi ni uzalishaji wa nchi hiyo popote walipovuliwa, na wakiuzwa ng'ambo wanahesabiwa mauzo ya nje. Lakini ikiwa kijana huyo ameajiriwa kama baharia katika chombo cha mtu wa huko, uzalishaji ni wa huko, na alichokileta nyumbani ni kipato kutoka nje, ambacho kitaonekana katika mahitaji ya jumla ya hapa pale tu kitakapotumika. Mwalimu asilifanye jambo hili kuwa somo zima. Dakika chache zinatosha, mradi jibu liwe la kweli.

Ugavi wa muda mfupi na tatizo la mgao

Hapa ndipo maelezo ya kawaida ya vitabu yanapogongana na maisha ya Kojani, na ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Vitabu vinaeleza kwamba mstari wa ugavi wa jumla wa muda mfupi hupanda kwa sababu mishahara haibadiliki upesi: bei zikipanda huku mshahara ukibaki pale pale, mwajiri hupata faida zaidi na huzalisha zaidi, na baadaye mishahara inapozifikia bei, uzalishaji hurudi kwenye kiwango cha uwezo wa uchumi, ndiyo maana mstari wa muda mrefu huchorwa wima.

Mwanafunzi wa Kojani hajawahi kuona mshahara wa namna hiyo katika chombo cha uvuvi. Samaki wakishauzwa, mafuta ya mashine na chakula cha safari hutolewa kwanza, na kinachobaki hugawanywa mafungu, mengine ya mwenye chombo, nyavu na mashine, mengine ya mabaharia, kwa taratibu zinazotofautiana chombo hadi chombo. Bei ikipanda asubuhi, fungu la baharia limepanda asubuhi hiyo hiyo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba malipo ya kazi huchelewa kufuata bei, akakumbuka mgao wa jana, ataona kwamba mwalimu anasema uongo au kwamba uchumi ni somo la nchi nyingine.

Njia ya kulitatua ni kuziweka wazi aina mbili za malipo kabla ya kuchora chochote:

1. Darasa liorodheshe kazi ambazo malipo yake hufuata bei papo hapo: baharia wa mgao, mchuruzi wa samaki, mkulima wa mwani anayeuza kwa kilo.
2. Darasa liorodheshe kazi ambazo malipo yake yameandikwa kwenye mkataba au kwenye ngazi za mishahara: mwalimu mwenyewe, muuguzi, askari, mfanyakazi wa hoteli ya Unguja, karani wa benki.
3. Mwalimu aulize: bei zote zikipanda kwa asilimia 10 mwezi huu, nani kati yao atapata nyongeza mwezi huu?
4. Hitimisho lifikiwe na wanafunzi wenyewe: kadiri kundi la pili linavyokuwa kubwa katika uchumi, ndivyo uzalishaji unavyoweza kuongezeka kwa muda bei zinapopanda, na uchumi wa mgao mtupu ungekuwa na mstari uliokaribia kuwa wima hata kwa muda mfupi.

Hatua ya nne ni ya maana kuliko mchoro wowote, kwa kuwa inamfanya mwanafunzi aone kwamba umbo la mstari linatokana na mikataba ya watu, na si amri ya mwandishi wa kitabu.

Kuhama kwa mistari: matukio manne yanayotosha

Kanuni ni fupi. Kikibadilika kiwango cha jumla cha bei chenyewe, uchumi husogea juu ya mstari ule ule. Kikibadilika kitu kingine chochote kinachogusa matumizi au uzalishaji, mstari wenyewe huhama. Mwalimu achague matukio machache ya kweli na kuyafanyia kazi yote, badala ya kutaja ishirini kwa majina.

- Miaka ya 1980, karafuu. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara za kretek, iliongeza uzalishaji wake, bei ya dunia ikaanguka, na mapato ya mauzo ya nje ya Zanzibar yakaanguka nayo. Mahitaji ya jumla huhamia kushoto kupitia mauzo ya nje, kisha kupitia matumizi ya serikali iliyotegemea mapato hayo.
- Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme. Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka Tanzania Bara. Wenye hoteli, viwanda na barafu walitegemea jenereta kwa gharama kubwa. Ugavi wa jumla huhamia kushoto. Pemba haikuguswa kwa namna hiyo, kwa kuwa ilikuwa ikitumia jenereta zake, na waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliifikia mwaka 2010.
- Mwaka 2020, utalii. Ndege za wageni zilipokoma kwa sababu ya janga la korona, mauzo ya huduma nje yalikauka, na mahitaji ya jumla yakahamia kushoto. Wanafunzi watasema kwamba hoteli kufungwa ni ugavi kupungua. Wajibiwe kwamba hoteli nyingi zilifungwa kwa kukosa wageni, na kwamba sehemu ya ugavi nayo iliguswa. Tukio moja laweza kuhamisha mistari yote miwili.
- Mwaka 2022, mafuta. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei za mafuta na ngano zilipanda duniani, na Serikali ya Muungano ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mafuta ya mwezi wa Juni. Ugavi wa jumla huhamia kushoto, na ruzuku ni jaribio la kuuzuia usihame mbali zaidi.

Kwa kila tukio mwanafunzi ajibu maswali matatu kwa mpangilio huu huu: mstari upi, upande gani, na kwa kupitia nini. Swali la tatu ndilo linalobeba alama, na ndilo linalorukwa.

Nani ana uwezo gani wa sera

Mwanafunzi wa Zanzibar asifundishwe sera kana kwamba serikali ni moja. Sarafu na Benki Kuu ni mambo ya Muungano, na Benki Kuu ya Tanzania tangu Januari 2024 imekuwa ikitumia riba yake kama chombo kikuu cha sera ya fedha, ikianzia asilimia 5.5 na kuipandisha hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo. Bajeti ya Zanzibar, kwa upande mwingine, hupitishwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo serikali ya Zanzibar inaweza kuhamisha mahitaji kwa matumizi yake na kwa baadhi ya kodi, lakini haina riba ya kwake. Swali zuri la mjadala ni hili: mwaka ambao utalii umeanguka Zanzibar lakini uchumi wa Bara uko salama, Benki Kuu ishushe riba kwa ajili ya nani?

Pingamizi zinazotarajiwa

*Mtihani ni wa Kiingereza, Kiswahili kitawachanganya.* Mwanafunzi ajadili kwa Kiswahili, kisha aandike aya tatu kwa Kiingereza kabla ya kengele. Anayeandika asichokielewa huandika maneno ya kitabu, na mtahini huyatambua.

*Muda hautoshi.* Zoezi la kikapu hufanywa nje ya kipindi, na darasani huchukua dakika zisizozidi 30. Kinachokula muda ni kurudia mada nzima mwezi wa Machi kwa darasa lililokariri.

*Mifano ya Kojani ni midogo mno kwa mada ya nchi nzima.* Hili lina ukweli wake, na ndiyo sababu kisiwa kisichukuliwe kuwa uchumi kamili wenye mistari yake. Kojani itumike kama mahali pa kuanzia maswali, na michoro ichorwe kwa Zanzibar au kwa Tanzania.

Makosa ya kusahihisha mapema

- Kuandika "bei" na "kiasi" kwenye mihimili badala ya "kiwango cha jumla cha bei" na "pato halisi".
- Kuhamisha mstari wa mahitaji kwa sababu bei zimepanda.
- Kuhamisha mistari yote miwili kila mara, kwa hofu ya kukosea.
- Kuita kupanda kwa bei ya petroli pekee mfumko wa bei. Mfumko ni kupanda kwa kiwango cha jumla kunakoendelea kwa muda.
- Kuchora mstari wa muda mrefu kisha kuusahau katika maelezo.

Mwalimu aliyebakiwa na vipindi vitatu tu kabla ya mtihani atumie kimoja kwa kikapu, kimoja kwa orodha mbili za malipo, na cha mwisho kwa matukio mawili kati ya yale manne, tukio la mwaka 2020 likiwa mojawapo. Michoro iliyobaki wanafunzi wataichora wenyewe nyumbani, na wataichora sawasawa.